Kabla ya Kengele ya Januari: Kumpokea Mwanafunzi Mwenye Disleksia

Desemba hapa Tanga walimu tunahangaika na madawati, ratiba na sare za wanetu wenyewe. Kabla shule hazijafunguliwa, naomba tutenge asubuhi moja kwa ajili ya wale tuliowaandika "hajui kusoma" tukaishia hapo. Baadhi yao wana disleksia: ubongo unapata tabu kuoanisha sauti na herufi. Si uvivu wala upungufu wa akili, na mara nyingi ni jambo la ukoo. Ukimuuliza baba kwa upole, huenda akakwambia naye aliitwa mzito.

Tuanze na macho na masikio. Asiyeona ubao naye husoma kwa kubabaisha, kwa hiyo apimwe hospitali ya Bombo au kituo cha jirani kabla hatujambandika jina lolote. Tuulize pia lugha ya nyumbani: aliyekulia Kidigo au Kisambaa anaweza kuchelewa kwa sababu nyingine kabisa.

Kipimo ndicho kinachotupotosha. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Ukishaijua ba, be, bi, bo, bu, unasoma hata neno usilolijua. Uzuri huo ndio unaomficha mtoto wa disleksia. Kwenye Kiingereza makosa humfichua mapema, lakini kwenye Kiswahili anaweza kufika mwisho wa sentensi bila kosa, ila kafika akitambaa, na alichosoma kimeshamtoka. Basi tusihesabu makosa tu. Andaeni kifungu cha maneno 60 hivi, saa ya simu, dakika moja, mtoto mmoja mmoja chini ya mwembe, wenzake wasisikie. Kifungu kiwe kipya kweli, maana wapo waliokariri kitabu kizima kwa kusikiliza, na mtoto aliyezoea kuhifadhi madrasa ana sikio kali ajabu. Ongezeni maneno ya kubuni: lobatu, mishego, ng'apiku. Hayo hakuna aliyeyakariri.

Rudieni kipimo baada ya wiki kadhaa za kufundisha. Ugumu unaobaki hata mtoto akifundishwa vizuri ndio dalili. Kugeuza b na d peke yake kusitutishe. Wengi wa miaka 6 au 7 hufanya hivyo. Wala daftari letu la kuandikia matokeo ya kipimo hicho si cheti cha daktari. Linatuonyesha tu nani aanze kusaidiwa Jumatatu.

Vifaa havina gharama: maboksi ya dukani yanatosha kwa kadi za silabi. Ila msiishie kwenye silabi nyepesi. Wanakwama kwenye nywa, ndwe, ng'o, na pale neno linapojaa viambishi. "Hawatanisaidia" ni ukuta kwa mtoto huyu. Mkatieni: ha-wa-ta-ni-saidia. Apange kadi, achomoe ni, aweke ku, asikie maana ikibadilika. Kwangu mimi zoezi hilo lina faida kuliko kunakili ubao mzima.

Kikaoni ndipo penye ubishi. Mtoto asisimamishwe kusoma mbele ya darasa kwa kushtukizwa. Aambiwe tangu jana ni kifungu gani. Jibu sahihi la sayansi lisikatwe alama kwa kuwa "mmea" umeandikwa "mea". Mtihani wa darasani asomewe maswali, aongezewe muda. Wapo watakaosema huo ni upendeleo. Mwenye miwani mbona hatumvui? Kuhusu mitihani ya taifa, mwalimu mkuu aulizie utaratibu mapema kwa afisa elimu, si wiki ya mtihani.

Mzazi naye aitwe kabla ya muhula. Akiitwa katikati anajua mwanawe kaharibu, na jioni fimbo itatembea. Mwambieni kwanza mtoto anachokiweza. Pengine ndiye anayemhesabia bibi yake chenji sokoni Mgandini. Kisha mwombeni dakika 10 kila jioni: mzazi asome mstari, mtoto aufuate kwa kidole, waurudie pamoja. Mzazi asiyejua kusoma acheze naye kinyume, paka iwe kapa, meza iwe zame. Mchezo ule ni mazoezi hasa ya kuzisikia silabi.

Mwisho wa mwaka daftari la dakika moja likabidhiwe kwa mwalimu wa darasa linalofuata, lisibaki kabatini. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yatakuwa kwa Kiingereza, na huko hata hii ba, be, bi haitamshika mkono.