Utando wa kijani kwenye zege la uani

Kwa wenzangu wa Moshi, hasa huku juu kuelekea Kibosho na Marangu: masika ya Machi hadi Mei ndiyo yanayoleta ule utando wa kijani kwenye zege la uani, na wazee wetu huteleza hapo wakaumia vibaya. Tafadhali usikimbilie asidi. Inakula saruji yenyewe, uso unabaki na vitundu vidogo vidogo vinavyoshika maji, na utando unarudi upesi zaidi. Chukua jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi. Mwaga asubuhi yenye mawingu lakini isiyo na mvua, acha kama dakika 15, sugua kwa brashi ngumu ya plastiki, suuza kwa maji mengi. Mimea ya karibu imwagilie maji kwanza. Na kamwe usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka hapo ni sumu.

Kisha tafuta chanzo cha unyevu. Mara nyingi ni gata iliyotoboka inayodondosha palepale, au migomba iliyoziba jua. Usiporekebisha hilo, utasugua kila mwezi. Nyufa subiri kiangazi: toa vumbi, lowesha kidogo, ndipo uzibe kwa saruji na mchanga laini.