Namna ya Kumweleza Afisa wa Polisi Kwamba Umebeba Bastola yenye Leseni

Raia mwenye leseni ya bastola akiendesha gari Nairobi, siku moja atasimamishwa na polisi akiwa ameivaa kiunoni. Afisa aliyeinama dirishani akisikia habari ya silaha hiyo kutoka kinywani mwako kabla hajaiona, mazungumzo kwa kawaida huenda vizuri. Akiiona mwenyewe, shati linapopanda ukijinyoosha kutafuta kadi, hata cheti halali hakitakufaa katika zile sekunde mbili tatu za kwanza.

Maandalizi huanza kabla ya kuwasha gari. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inampa afisa wa polisi mamlaka ya kumdai cheti cha silaha mtu ambaye afisa huyo anaamini ana silaha au risasi, na asipoonyeshwa anaweza kuichukua silaha hiyo. Cheti kisiachwe nyumbani basi, na tarehe yake ikaguliwe mapema. Muhimu vilevile ni mahali unapokiweka. Kwa muda mrefu mimi niliweka pochi katika mfuko wa nyuma wa kulia, upande uleule wa bastola, hadi usiku mmoja karibu na Roysambu nilipoombwa leseni ya udereva, mkono ukaanza kushuka wenyewe kwa mazoea, na mwanga wa tochi ukaufuata hadi kiunoni. Niliusimamisha hewani nikajieleza, lakini sauti ya afisa ilikuwa imeshabadilika. Tangu hapo cheti, kitambulisho na leseni ya udereva hukaa pamoja katika mfuko wa shati, upande wa kushoto, ambako hakuna silaha.

Ukipungiwa mkono usimame, washa indiketa, egesha taratibu, zima injini na redio, teremsha kioo chote, na ikiwa ni usiku washa taa ya ndani. Kisha weka mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vikiwa wazi, na uiache hapo. Usianze kutafuta karatasi kabla hujaulizwa, hata kama unajua utaulizwa.

Maneno yenyewe yanahitaji mpangilio, kwa sababu kando ya barabara yenye matatu na pikipiki afisa anaweza kusikia neno moja tu katika sentensi nzima. Anayeanza na neno “bastola” amejitafutia taabu. Anza na salamu, fuatisha leseni, kisha silaha, kisha mahali ilipo: “Habari ya jioni, afande. Nina leseni ya kumiliki silaha, na silaha ninayo, ipo kiunoni upande wa kulia. Cheti kipo mfuko wa shati. Ungependa nifanye nini?” Sema kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza na usubiri. Akikuambia utoe cheti, taja unachofanya kabla ya kukifanya, na utumie mkono mmoja huku mwingine ukibaki kwenye usukani. Abiria nao waelezwe mapema nyumbani kwamba hawatasema lolote, kwani mwenzako akiropoka “ana bunduki!” utaratibu wote umeharibika.

Wanaosoma ushauri wa Marekani wakumbuke kwamba ule ni wa huko, na hata huko majimbo hayafanani: Ohio, kwa mfano, iliwataka wenye leseni wajitaje mara moja hadi mwaka 2022, ilipobadilisha sheria ili dereva alazimike kusema ukweli anapoulizwa tu. Kwa maoni yangu, Nairobi hakuna faida ya kungoja swali.

Afisa akitaka kuishika bastola, usiichomoe wewe wala usijaribu kutoa risasi ukiwa umeketi garini. Muulize kama angependa ushuke kwanza aitoe mwenyewe, na umweleze kama kuna risasi ndani ya chemba, tayari kufyatuliwa. Atalinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya cheti. Akiamua kuizuia, usibishane barabarani. Mwombe jina na namba yake ya kazi, mfuatane hadi kituoni, na uhakikishe imeandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo (OB), kisha uchukue namba ya OB.

Waliovaa kiraia ni jambo gumu zaidi, kwa kuwa majambazi wa jiji hili nao hujiita polisi. Omba kwa upole kuonyeshwa kitambulisho cha kazi, mikono ikiwa palepale kwenye usukani, na ujitaje ukishakiona.

Ukirudishiwa silaha, ipokee mdomo wake ukielekea chini, irudishe katika kifuko chake cha kiunoni bila kuikoki, mwache afisa asogee hatua chache, ndipo uingie garini na kuwasha injini.