Kukadiria kipindi cha mtetemo wa jengo lenye kuta za zege

Kipindi ni sekunde ambazo jengo hutumia kuyumba kwenda na kurudi mara moja. Nguvu ya tetemeko utakayosanifia inategemea namba hiyo. Hapa nafuata Eurocode 8 (kanuni za Ulaya za kusanifu majengo yanayohimili matetemeko), kwa majengo yasiyozidi kimo cha mita 40.

Mfano: jengo la ghorofa 8, kila sakafu mita za mraba 300. Kila mwelekeo una kuta 4 za zege, kila moja urefu mita 4 na unene mita 0.25.

Hatua ya 1. Pima kimo H kuanzia juu ya msingi. Kama kuna besimenti ngumu, anzia juu yake. Kwetu H = mita 24.

Hatua ya 2. Kadirio la haraka la kipindi T: T = 0.05 × H^0.75 = 0.05 × 10.84 = sekunde 0.54.

Hatua ya 3. Sasa zihesabu kuta zenyewe, zile tu zilizo sambamba na mwelekeo unaokagua. Kwa kila ukuta, zidisha eneo la mkato kwa (0.2 + urefu/H)², urefu/H usizidi 0.9. Kwetu: 1.0 × (0.2 + 4/24)² = 0.134, mara 4 ni 0.538.

T = (0.075 / √0.538) × 10.84 = sekunde 1.11.

Ni mara mbili ya kadirio la kwanza! Kwenye udongo wa aina B (mgumu au ulioshikamana sana), spektra ya aina ya 1 (mchoro wa kanuni unaoonyesha nguvu ya tetemeko kwa kila kipindi, kwa maeneo ya matetemeko makubwa) huanza kushuka baada ya sekunde 0.5, hivyo nguvu inapungua karibu nusu. Mwaka 1998 watafiti Goel na Chopra, wakitumia rekodi za majengo ya California yaliyotikiswa na matetemeko ya 1971 hadi 1994, walionyesha kwamba kimo peke yake hakitoshi: kuta lazima ziingie kwenye hesabu.

Hatua ya 4. Hakiki. Weka uzito wote wa jengo kama mzigo wa mlalo, pata msogeo wa juu d kwa mita, kisha T = 2√d. Kwa zege la daraja la C25/30 na uzito wa kN 10 kwa kila mita ya mraba ya sakafu, kuta zisizo na nyufa zinatoa d = 0.25, yaani sekunde 1.0. Ukipunguza ugumu kwa nusu kwa sababu ya nyufa, d = 0.50 na T = 1.4.

Kuta za matofali za kugawa vyumba hufupisha kipindi. Zikiwa nyingi, mimi hukokotoa nguvu kwa kipindi kifupi, na misogeo kwa kile cha zege lenye nyufa.

Rudia hatua ya 3 na ya 4 kwa mwelekeo wa pili kabla ya kupanga nondo.