Mjohoro au mwarobaini uani? Hivi ndo unavyochagua na kupanda (kwa sisi wa Tabora)

Kila mvua zikikaribia watu wanakuja kitaluni kwangu wanasema nipe mti wa kivuli unaokua haraka, basi. Jamani haraka hiyo ndo inawaponza. Mjohoro unakua mbio kweli na maua yake ya njano yanavutia, ila matawi yake yanakatika kirahisi upepo ukija. Mteja wangu mmoja pale Isevya aliupanda hatua tatu toka ukutani, tawi likashuka likapiga bati mbili.

Hatua ya 1: pima maji. Chimba shimo futi mbili, jaza maji jioni, asubuhi uangalie. Yakiwa bado yamesimama, au udongo ni ule mweusi wa mbuga unaonata kwenye jembe, mwarobaini hapo sahau, tafuta sehemu iliyoinuka. Kwenye kichanga unastawi vizuri sana na kiangazi chetu cha Mei mpaka Oktoba unakivumilia.

Hatua ya 2: nafasi. Karibu na nyumba weka mwarobaini, nao uuache mita tano hivi. Mjohoro peleka mpakani kabisa, huko utakupa kuni, ukiukata unachipua tena. Ila kama unafuga nguruwe usiupande kabisa, majani na maganda yake ni sumu kwao.

Hatua ya 3: mche, na hapa ndo watu wengi wanakosea. Usinunue ule mrefu kuliko wenzie ukidhani umepata bahati, mara nyingi umekaa kitaluni muda mrefu na mzizi umeshajikunja chini ya kiriba (kile kimfuko cha plastiki cha mche), ukikichana unakuta umezunguka kama kata ya kubebea ndoo, na mti wa hivyo hata ukue vipi hausimami imara. Chukua wa futi moja. Ukitaka kuotesha mwenyewe, mbegu ya mwarobaini iokote mbichi uioteshe wiki hiyohiyo maana inakufa mapema, ya mjohoro inatunzika.

Hatua ya 4: subiri mvua zishike, Novemba au Desemba. Shimo futi mbili kwa mbili, udongo wa juu weka pembeni uchanganye na debe la samadi iliyooza (mbichi inaunguza mizizi). Kata kitako cha kiriba na wembe, mzizi uliojikunja uondoe, chana pembeni, panda, shindilia kwa mguu taratibu. Zungushia miiba, mbuzi wa jirani hawana simile. Kiangazi cha kwanza ndoo moja kila baada ya siku nne, jioni.