Shimo Chini ya Cherehani: Namna ya Kufuatilia Historia ya Jengo Lililowahi Kuuza Magari

Nashona nguo Dodoma mjini, upande wa Uhindini, kwenye jengo ambalo kwa miaka kumi na moja nilijua lilikuwa ghala la nafaka. Cherehani ya tatu ndiyo iliyonitoa ujinga. Kila nikiiweka katikati ya chumba inayumba, na bobini ikidondoka inabingiria mpaka palepale. Siku moja nikakunja zulia, nikafagia, nikamwaga maji. Saruji ikatoa mstatili: urefu hatua zangu sita, upana hatua moja, rangi mbali kabisa na sakafu nyingine. Dereva mmoja wa lori la Singida, aliyekuja kupunguza suruali, akauangalia akacheka. "Dada, hilo shimo la gereji. Umekaa chini ya uvungu wa magari ya watu."

Wiki ileile mwenye nyumba akatuambia wapangaji kwamba siku yoyote atabomoa, aweke ghorofa. Nikaona nisipoandika mimi hakuna atakayeandika. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na mwaka huo Dodoma hapakuwa na duka la magari hata la kusingiziwa. Nawaeleza hapa nilivyofanya, pamoja na nilikokosea, maana wenye majengo kama langu ni wengi: Kondoa, Manyoni, Singida, Iringa, popote barabara kuu ilipopita.

Kwanza, usikimbilie ofisini. Mimi nilikimbilia, nikapanda basi la alfajiri hadi Dar nikiwa na kitu kimoja tu, jina la duka ambalo watu walidhani lilikuwepo. Kijana wa mapokezi, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, hakuinua hata uso. "Mama, majina tunayo elfu. Namba ya kiwanja?" Sikuwa nayo. Nikalala kwa shemeji, kesho yake nikarudi Dodoma mikono mitupu na nauli imekwenda.

Anza na jengo lenyewe. Nyumba iliyouza magari ina umbo lake, hata ikipigwa rangi mara ishirini. Simama ng'ambo ya barabara uangalie kama imerudi nyuma kuliko majirani zake. Nafasi ile ya mbele ndipo gari lilipogeuzia, na mara nyingi ndipo pampu ya petroli iliposimama. Halafu tazama linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha na mlango. Kwangu linta ya mbele inatoka ukuta hadi ukuta, karibu mita nne, na chini yake kuna kidirisha cha kutosha jiko. Fundi hamwagi zege mita nne kwa ajili ya kidirisha. Pale palikuwa na kioo kikubwa cha kuonyeshea gari jipya, kisha mtu akaja akaziba kwa tofali. Ukigonga kwa kifundo cha kidole, tofali za kuzibia zinalia tofauti na ukuta wa awali. Zunguka nyuma utafute mlango mpana kuliko mahitaji ya binadamu, na ndani angalia sakafu: chumba cha mbele terazo, yaani saruji ya vipande vya mawe iliyosuguliwa ikang'aa, cha nyuma saruji ngumu yenye madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Pembeni ukikuta bomba jembamba limepanda ukutani na haliendi popote, shuku tangi la mafuta chini ya ardhi. Hapo usichimbe, usiwashe kiberiti, usifunue shimo peke yako. Mvuke wa petroli haujali miaka. Na mabati ya simenti ya zamani, yale ya asbesto, usiyatoboe wala kuyakwangua.

Vyuma navyo vina maandishi. Boriti yangu moja imeandikwa DORMAN LONG, kiwanda cha chuma cha Middlesbrough, Uingereza. Madirisha ya fremu za chuma yaweza kuwa na kibati cha Crittall, nao Waingereza. Lakini alama hukwambia chuma kilikotoka tu, mwaka wa nyumba haikuambii. Huu ni mji wa reli tangu 1910, na watu wa hapa hawatupi chuma. Nimeona kipande cha reli kikishikilia paa la banda la kuku.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni ukuta wa pembeni. Fundi rangi alinidokeza kwamba maandishi ya zamani hujitokeza ukuta ukilowa. Nikangoja magharibi, nikachukua chupa yangu ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, nikalowesha taratibu kipande kwa kipande, huku mwanangu ameilaza tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite kwa kusota. Chini ya chokaa, chini ya tangazo la soda, zikatokea herufi nne kubwa kama mkono wangu: T, O, R, S, kama mkia wa neno MOTORS. Baada ya dakika tano ukuta ukakauka, zikazama tena. Kwa hiyo kamera iwe tayari kabla hujalowesha. Wala usikwangue, hata ukitamani vipi, maana rangi ya juu ikitoka hutoka na ya chini.

Sasa ndiyo utafute namba ya kiwanja na kitalu. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe hati, au ankara ya zamani ya kodi ya majengo, ya kabla ya kodi kuhamishiwa kwenye umeme wa LUKU mwaka 2021. Kwa Dodoma kuna mtego wake. Serikali ilipoamua 1973 kuhamishia makao makuu hapa, iliundwa CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, na kwa zaidi ya miaka arobaini viwanja vya mji vilikuwa mikononi mwake mpaka ilipovunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda halmashauri. Ndiyo maana uulize namba mbili, ya sasa na ile ya kabla ya CDA. Usipoijua ya zamani, historia yako itaanza 1973 na utadhani jengo lilishuka kutoka mbinguni. Ramani ya upimaji ina tarehe, lakini hiyo ni tarehe ya kukata kiwanja. Nyumba inaweza kuja miaka kumi baadaye.

Kwa Msajili wa Hati omba upekuzi wa kiwanja. Wengi husoma majina ya wamiliki tu wakafunga. Wewe soma rehani. Mfanyabiashara wa magari hajengi kwa fedha ya mfukoni, na tarehe aliyoweka kiwanja rehani mara nyingi iko jirani na tarehe ya kumwaga zege. Ukikuta umiliki huru umegeuka kuwa wa kupangishwa na serikali mwaka 1963, usiandike kwamba nyumba iliuzwa, maana sheria ndiyo iliyobadilika. Kisha fika 1971. Mwaka huo majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi ambayo mwenyewe haishi humo yalichukuliwa na serikali, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Wazee mpaka leo wanaziita nyumba za Msajili, ingawa tangu 1990 ziko Shirika la Nyumba la Taifa. La kwangu halikuchukuliwa. Nilijiuliza kwa nini, mpaka nilipoona vyumba viwili na jiko nyuma ya gereji: mwenye duka alikuwa akilala hapohapo na familia yake.

Watu nao wana yao. Nilielekezwa kwa mzee mmoja wa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, aliyekuwa spanaboi, msaidizi wa fundi magari, enzi hizo. Nilimpelekea kilo mbili za sukari, nikamwamkia, nikakaa. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumuuliza mwaka.

"Mwaka siujui, mwanangu. Najua spana."

Basi nikabadilisha. Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Kabla ya Azimio la Arusha? Wakati wa Operesheni Dodoma, watu wanahamishiwa vijijini, duka lilikuwa wazi? Wakati wa vita vya Kagera? Siku Waziri Mkuu Sokoine alipofariki akitoka hapa kwa gari, ulikuwa wapi? Andika matukio ya namna hii kwenye karatasi kabla hujakwenda: 1961, 1967, 1971, 1978, 1984. Akaanza kufunguka. Aliingia baada ya Uhuru, akiwa hajaoa. Land Rover zilikuja zimefungwa tairi la akiba juu ya boneti. Wateja walikuwa serikali, wamisheni na wenye malori ya barabara ya Iringa hadi Arusha. Fundi mkubwa aliyemfundisha alijifunzia matrekta Kongwa, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951. Biashara ilipungua vipuri vilipoadimika, akasema, na petroli ilipokuwa ya foleni na Jumapili mchana magari yakakatazwa kutembea.

Mwezi uliofuata alikuja dukani nimpime kanzu. Aliingia akizungumza, na alipofika katikati akapinda kushoto, akazunguka ule mstatili, akaja kusimama mbele yangu. Nilimuuliza mbona amezunguka. Akatazama chini, akashangaa mwenyewe. Niliandika hilo kwenye daftari na tarehe yake, maana kwangu ni ushahidi sawa na muhuri.

Andika kila unachoambiwa pamoja na nani kasema na alikuwa na umri gani wakati huo. Wakigongana wawili, waandike wote.

Baada ya hapo ndipo safari ya Dar ina maana. Nyaraka za Taifa ziko Upanga. Nenda na barua ya utambulisho, na kumbuka kwamba majalada ya serikali kwa kawaida hufunguliwa yakitimiza miaka 30. Uliza ya Jimbo la Kati, ambalo makao yake yalikuwa Dodoma, pamoja na kitabu cha wilaya, lile daftari ambalo maofisa wa kikoloni waliandikia habari za wilaya yao. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina magazeti ya zamani. Tanganyika Standard lilianza 1930, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News. Kwenye matangazo ya magari usiangalie picha ya gari, soma mstari wa chini kabisa wenye herufi ndogo, ndiko matawi na sanduku la posta vilikotajwa. Sanduku la posta ni dhahabu. Kampuni hubadili jina ikabaki na sanduku lilelile, na hilo ndilo lililoniunganishia herufi zangu nne na jina kamili, ambalo sitaliandika hapa kabla wajukuu wa mwenye duka hawajaniruhusu. BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, unaweza kutafuta jalada la kampuni, wakurugenzi wake na lini ilifutwa. Ukikosa, yaweza kuwa makao yake yalikuwa Nairobi.

Wajukuu wenyewe nimewapata kwa njia ya jamaa mmoja wa Jamatini. Wako Uingereza na Kanada, na wana kundi la WhatsApp la familia. Wamenitumia picha za sikukuu, watoto kwenye ngazi, bibi na paka. Nimezikuza zote nikatazama nyuma ya watu. Nina kona ya mlango mpana, na nina nusu ya pampu.

Ninachokosa ni mbele ya jengo, kioo kikiwa kizima na gari likiwa ndani. Kama mzee wako alioa Dodoma miaka ya sitini na akapiga picha barabarani pale Uhindini, itoe kwenye albamu uiangalie upande wa kulia, nyuma ya bibi harusi. Nipo dukani kila siku isipokuwa Jumapili, mpaka tingatinga lije.