Kubadilisha paipu za breki za tela la boti: chunguza nati kabla ya kukata

Tela la boti hapa Kigoma linazama ziwani kila boti inaposhushwa. Maji ya Tanganyika hayana chumvi, lakini paipu za chuma zinaoza vilevile, hasa chini ya klipu, ambako tope halikauki. Ukikuta moja imevimba kutu, badilisha zote.

1. Zuia magurudumu kwa mawe, inua tela kwa jeki, weka stendi. Nati zinazofunga ncha za paipu (meno yake yako nje) zipakae mafuta ya kulegeza kutu jioni, uzifungue asubuhi. Tumia spana ya paipu inayokumbatia karibu nati yote. Ya kawaida inakula kona.

2. Hapa tulia. Paipu nyingi za tela ni inchi 3/16, yaani milimita 4.75, na haziumizi kichwa. Kazi iko kwenye nati. Matela ya Marekani mara nyingi yana nati ya inchi 3/8 yenye meno 24 kwa inchi. Vifaa vya Ulaya na Japani vingi ni M10, yaani kipenyo cha milimita 10, yenye meno yanayoachana milimita 1. Kwa macho ni mapacha. Ile ya 3/8, ambayo ni kama milimita 9.5, inaingia kwenye tundu la M10, inashika kidogo, unaamini imekaa. Presha ikija, inachomoka.

Ilinitokea hapa Kigoma, kwenye mteremko wa kutoka mtaa wa Mwanga kushuka stesheni. Nati niliyoifunga kwa mkono wangu ilichomoka, tela likaanza kuisukuma pikapu. Dereva alikuwa makini, akashusha gia, na watu waliokuwa pembeni mwa barabara wakasalimika. Bado naliona tela lile.

Kwa hiyo fanya hivi: safisha nati ya zamani kwa brashi ya waya, ilaze ubavu kwa ubavu na mpya, meno yaingiliane, kisha ziinue juani. Zikiwa sawa, mwanga haupenyi. Zikitofautiana, meno ya mwanzo yanakubaliana, lakini ukifika la saba au la nane yanaanza kupandana. Mwisho, ifunge kwa vidole mpaka ndani. Ikicheza au ikikwama, si yake.

Angalia na mdomo wa paipu. Mmoja umekunjwa mara mbili, umefunguka kama tarumbeta kwa nyuzi 45. Mwingine ni bonge dogo la mviringo. Haubadilishani. Utepe wa mafundi bomba usiuzungushe hapo: kinachozuia mafuta ni mdomo, si meno.

3. Nunua paipu ya breki yenyewe, ya chuma au ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Mrija wa friji usiutumie hata mteja akikubembeleza. Pima njia kwa waya laini, kata kwa kikata paipu, toa makali, puliza. Ingiza nati kabla ya kutengeneza mdomo.

4. Kunja taratibu, bana kwa klipu. Hozi ya kwenye ekseli iwe na nafasi ya kucheza.

5. Toa upepo kwa mafuta ya breki kutoka chupa mpya, kwa sababu yaliyokaa wazi yamenyonya unyevu. Fuata DOT, yaani daraja la mafuta ya breki, iliyoandikwa kwenye kifuniko. Anza na gurudumu lililo mbali na masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, nayo isikauke. Kisha msaidizi akandamize breki kwa nguvu na ashikilie, wewe pita na karatasi kavu kwenye kila nati. Karatasi ikilowa popote, boti isipakiwe.