Kutundika maonyesho ya wasanii wa Afrika Mashariki: ukuta, enameli na mpingo

Usigawe kuta kwa nchi. Ukiwa na ukuta wa Kenya, wa Uganda na wa Tanzania, Elimo Njau utamweka wapi? Alizaliwa Kilimanjaro, akasomea Makerere, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa waasisi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi. Theresa Musoke na Jak Katarikawe ni wazaliwa wa Uganda waliofanya kazi miaka mingi Kenya. Wachongaji wengi wa Kimakonde wa Dar es Salaam walitokea ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Ukuta wa nchi unazificha safari hizo, nazo ndizo zilizoijenga sanaa ya eneo hili. Panga kazi kwa jambo zinalozungumzia au kwa malighafi, kisha kwenye kibandiko andika msanii alipozaliwa, aliposomea na alipofanyia kazi. Kupanga kwa malighafi kuna faida nyingine: vitu vinavyotaka hewa ya aina moja vinakaa chumba kimoja.

Kasha likifika, liache ndani ya jengo saa 24 kabla ya kulifungua. Piga picha mbele, nyuma na kila pembe, tochi ikimulika kutoka ubavuni. Mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha rangi iliyoanza kubanduka.

Picha za Tingatinga zinahitaji uangalifu wa pekee. Edward Saidi Tingatinga alichora kwenye hadibodi kwa rangi ya enameli, ile ya kupakia baiskeli, na wengi waliomfuata wanaendelea na enameli. Enameli huonekana imekauka, lakini ikipata joto hulainika. Plastiki ya viputo ikigusa uso wake, siku mbili ndani ya gari linalopigwa jua zinatosha kuacha alama za miduara ambazo hazifutiki. Tanguliza karatasi yenye silikoni, kama ile ya kuokea keki, halafu sponji, halafu plastiki, viputo vikitazama nje. Ikiwa imeshanata, usiivute. Weka picha kwenye chumba cha baridi kwa saa kadhaa rangi ikaze, kisha ikunje plastiki nyuma yake yenyewe, sambamba na uso wa picha, kidogo kidogo. Chembe ya rangi ikiinuka, acha hapo hapo umwite mhifadhi wa kazi za sanaa. Hadibodi nayo hujipinda kwa sababu mgongo wake unanyonya unyevu, kwa hiyo usiibane kwa skrubu pembeni. Ndani ya fremu iachie nafasi ya milimita 3 kila upande.

Kutundika ni hesabu. Katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Urefu wa ndoano kutoka sakafuni ni 150, jumlisha nusu ya kimo cha picha, toa umbali kutoka ukingo wa juu hadi waya uliovutwa. Picha ya sentimita 60 yenye waya ulioshuka 8: 150 + 30 − 8 = 172. Vuta waya kwa kidole unapopima. Ukiupima umelegea, picha itaning'inia chini ya mstari. Ukuta wa mita 9 wenye picha tano zenye jumla ya upana wa mita 4.2 unabakiza mita 4.8, yaani sentimita 80 kwa kila moja ya nafasi sita. Hata hivyo mgawo sawa mara nyingi hupooza ukuta. Zisogeze pamoja mbili zinazosemezana, ya tatu iache ipumue.

Taa: laksi (kipimo cha mwanga) 50 kwa karatasi na kitambaa cha magome ya mutuba, hadi 200 kwa mafuta na enameli, zikipimwa usoni pa kazi yenyewe.

Mpingo haupasuliwi na unyevu peke yake, unapasuliwa na mabadiliko. Kosa la kawaida ni kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni: mchana unyevu asilimia 50, usiku 80. Heri 60 usiku na mchana. Anza kusoma kipima unyevu asubuhi na jioni, wiki mbili kabla vinyago havijaingia. Kagua pia ganda jeupe la nje la mti. Dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao, hawauwezi moyo mweusi, ila hilo jeupe wanalitoboa. Vumbi kama unga chini ya kinyago likifutwa leo na kurudi kesho, kifunge kwenye plastiki na ukitenge siku hiyo hiyo.

Vibandiko viwe na herufi za ukubwa wa 18 au zaidi, jina la kazi likitangulia katika lugha aliyoliandika msanii. Muulize yeye au familia jina lake linavyoandikwa. Angalia sana ng': baadhi ya programu hubadilisha kikato, au hukidondosha kabisa, na Ng'ethe anakuwa Ngethe. Chapa kimoja, kisome ukiwa mita moja na nusu, wapelekee wenye jina walione, ndipo uchape vilivyobaki.